Bakteria wanaokula kaboni monoksidi na kutoa hidrojeni: umchague nani kati ya hawa wanne?

Ulinganisho huu ni wa mtu aliye na gesi yenye kaboni monoksidi (CO) mkononi na anataka kiumbe hai aigeuze kuwa hidrojeni. Gesi hiyo inaweza kutoka kwenye mtambo unaochoma magunzi au pumba za mpunga kwa hewa haba, kwenye tanuri la kiwanda cha chuma, au kwenye mtungi wa maabara. Viumbe wenye uwezo huo wanajulikana wengi, lakini wanaofikiriwa kwanza ni wanne: Rhodospirillum rubrum, Carboxydothermus hydrogenoformans, Parageobacillus thermoglucosidasius na Thermococcus onnurineus. Huyu wa mwisho kwa haki si bakteria, ni arkea, yaani wa kundi jingine la viumbe wadogo wa seli moja. Ameingizwa humu kwa sababu kazi yake ni ileile, na mtu mwenye gesi ya moto atamkuta tu akianza kutafuta.

Kazi yenyewe huandikwa kwa mstari mmoja:

CO + H₂O → CO₂ + H₂

Kilo moja ya CO inachukua gramu 643 za maji na kutoa gramu 72 za hidrojeni pamoja na kilo 1.57 za kaboni dioksidi. Nishati anayobaki nayo kiumbe ni ndogo, takriban kilojuli 20 kwa kila moli ya CO. Kwa hiyo bakteria wenyewe huongezeka kidogo na karibu CO yote inaishia kwenye gesi. Usishtuke ukiona mchuzi wako (maji yenye chakula wanamokuzwa bakteria) umebaki karibu maangavu huku kipimo cha gesi kinaonyesha kazi imefanyika.

Kabla hujaagiza mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia, soma maelezo yake vizuri, kwa maana si kila anayekula CO hutoa hidrojeni. Oligotropha carboxidovorans huichoma CO kwa oksijeni na hidrojeni haipatikani. Clostridium ljungdahlii huigeuza kuwa asidi ya siki na pombe. Wote wawili huorodheshwa kama walaji wa CO, na wapo walioagiza mbegu wakaja kugundua baadaye kwamba walichoagiza ni mtengenezaji wa siki.

Vigezo tulivyotumia

Kila mmoja tumempima kwa mambo yaleyale: joto analotaka na msimamo wake kwa oksijeni; CO anayoweza kukabiliana nayo; chakula chake; kasi na usafi wa gesi ya mwisho; kinachoharibika; na anayemfaa. Tumeacha makusudi kigezo ambacho wengi hukitanguliza, yaani nani ana kimeng'enya (protini inayofanya kazi hiyo ndani ya seli) chenye kasi kuliko wote. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

CO ni gesi ngumu kuyeyuka. Kwenye maji ya 25 °C, chini ya CO tupu ya atmosfia 1, lita moja ya maji hubeba kama milimoli 0.95 tu. Gesi ya mtambo unaotumia hewa huwa na CO ya asilimia 15 hadi 25, iliyobaki ikiwa naitrojeni kwa sehemu kubwa. Chukua asilimia 20: maji sasa yanabeba milimoli 0.19 kwa lita. Ukiwa na tangi linalokorogwa vizuri, lenye kipimo cha upenyaji wa gesi (kile wahandisi huandika kLa) cha 100 kwa saa, CO inayoweza kuingia majini haizidi milimoli 19 kwa lita kwa saa. Hiyo ni sawa na mililita 465 za hidrojeni kwa kila lita ya tangi kwa saa, na hapo tumechukulia kwamba bakteria anakula kila kinachoingia bila kubakiza. Kimeng'enya kikiwa na kasi mara kumi zaidi, namba hiyo haisogei.

Tugeuze hizo mililita ziwe nguvu: ni kama wati 1.3 kwa lita. Tangi la lita 1,000 likifanya kazi usiku na mchana linatoa kilowati 1.3 za nishati ya hidrojeni, na koroga lenyewe linaweza kula sehemu kubwa ya hiyo. Isitoshe, moli ya CO ikichomwa hutoa kilojuli 283, wakati moli ya hidrojeni inayopatikana hutoa 242. Mwenye shida ya umeme au moto peke yake aichome CO moja kwa moja kwenye injini. Bakteria hawa wana maana pale tu unapotaka hidrojeni yenyewe.

1. Rhodospirillum rubrum

*Joto na hewa.* Anapenda 30 °C na pH ya 6.8 hadi 7.0. Anaweza kuishi penye oksijeni, lakini hapo hatumii CO: protini yake inayohisi CO, CooA, hufanya kazi tu pasipo oksijeni, na kimeng'enya kinachovunja CO huharibiwa na oksijeni. Kwa kazi hii mhesabu kama asiyetaka hewa.

*CO.* Anzia asilimia 20 hadi 25 ya gesi iliyo juu ya mchuzi, kisha panda polepole bakteria wakiwa wengi. Wakiwa wachache ndipo CO nyingi huwakwamisha, kwa sababu CO iliyoyeyuka hukaa juu kwa muda mrefu bila wa kuila.

*Chakula.* Huyu ndiye mwenye mlango mpana kuliko wote. Hula malati, asetati na asidi nyingine za kikaboni, na kwenye mwanga hukua haraka. Hapa kuna jambo linalokwamisha maabara nyingi: rangi yake hunasa mwanga wa karibu na infraredi, hasa kwenye nanomita 880. Taa nyeupe za LED zinazouzwa madukani karibu hazina mwanga huo. Tumia balbu ya kizamani ya waya, ukiiweka mbali kiasi ili isipandishe joto la chupa, au nunua LED za infraredi. Mwanga ni wa kuongeza wingi wa bakteria tu. Kula CO hakuhitaji mwanga, na ukishapata wingi unaweza kufunika chupa kwa karatasi ya alumini.

Nikeli ndiyo inayomwangusha mara nyingi. Kimeng'enya cha CO cha viumbe wote wanne kina nikeli na chuma, lakini kwa R. rubrum imechunguzwa wazi: akikosa nikeli hutengeneza kimeng'enya kamili kwa umbo ambacho hakifanyi kazi. Mimumunyo ya madini ya kawaida huacha takriban miligramu 0.02 ya kloridi ya nikeli kwa lita, nayo ni haba kwa mchuzi unaolishwa CO mfululizo. Mbaya zaidi, mapishi yake ya zamani yana EDTA, na EDTA huikamata hiyo nikeli kidogo. Ukiona chupa nyekundu yenye afya isiyotoa hidrojeni, anzia hapo.

*Kasi na usafi.* Ni ya wastani. Kwenye mwanga sehemu ya kaboni huenda kwenye akiba ya plastiki ya ndani ya seli, na ana vimeng'enya vinavyoweza kuirudisha hidrojeni ndani akiiacha ikae. Itoe gesi mapema. Ukimnyima amonia kwenye mwanga, hutoa pia hidrojeni kwa njia ya naitrojinezi (kimeng'enya cha kunasa naitrojeni), ambayo haina uhusiano na CO. Ni jambo zuri kwa mavuno na baya kwa vipimo, kwa kuwa hutajua ipi imetoka wapi. Kwa jaribio safi, weka amonia ya kutosha na fanya gizani.

*Kinachoharibika.* Kwenye 30 °C kila mdudu wa chumbani ni mshindani. Rangi ikitoka kwenye wekundu wa zambarau na kuwa kijivu au njano, umeingiliwa.

*Anamfaa nani.* Maabara ya kufundishia, isiyo na tanuri la joto kali. Na mtafiti wa jeni, kwa kuwa mfumo wake wa Coo (jeni na protini zake za kula CO) ulichambuliwa kwa kina na kundi la Paul Ludden na Gary Roberts kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Mbegu ya kawaida ni DSM 467, ambayo ndiyo ATCC 11170 (hizi ni namba za hifadhi zinazotoa mbegu).

2. Carboxydothermus hydrogenoformans

*Joto na hewa.* Alipatikana kwenye chemchemi ya moto ya kisiwa cha Kunashir, Urusi, akatangazwa mwaka 1991 na Svetlichny na wenzake. Hukua kati ya 40 na 78 °C, na raha yake iko kwenye 70 hadi 72 °C, pH karibu 7. Oksijeni haitaki kabisa.

*CO.* Hukua chini ya CO tupu, asilimia 100. Kwa hili ndiye kipimo ambacho wengine hupimwa nacho.

*Chakula.* Chumvi za madini, bikabonati, salfaidi ya kuondoa oksijeni, na dondoo kidogo ya hamira, kama gramu 0.05 hadi 0.2 kwa lita. CO yenyewe ndiyo nishati na ndiyo kaboni. Gharama ya mchuzi ni ndogo kuliko ya wenzake wote.

*Kasi na usafi.* Huongezeka maradufu kwa takriban saa 2. Cha kuvutia zaidi ni mwisho wa gesi. Henstra na Stams walipoanza na CO tupu kwenye chupa, CO iliyobaki ilikuwa sehemu 117 kwa milioni. CO₂ ilipokuwa ikiondolewa, ilishuka chini ya sehemu 2 kwa milioni. Tofauti hiyo ina uzito. Seli za mafuta za utando (vifaa vinavyogeuza hidrojeni kuwa umeme), zile za joto la chini, huanza kuumia CO ikifika makumi machache ya sehemu kwa milioni. Yaani ukiweka chombo cha chokaa au soda kali cha kunasa CO₂ ndani ya mzunguko wa gesi, umejipunguzia hatua nzima ya kusafisha. Ila mwishoni, CO inapokaribia kwisha, huanza kutengeneza asetati, na hidrojeni kidogo hupotelea huko.

*Kinachoharibika.* Shinikizo, kabla ya kingine chochote. Chupa ya glasi iliyojazwa CO tupu kwa atmosfia 1 kwenye 25 °C, ukiipasha hadi 70 °C inafika 1.15. Mvuke wa maji unaongeza 0.31. CO yote ikigeuka, kila molekuli moja imezaa mbili, na kama CO₂ isingeyeyuka hata kidogo ungekaribia atmosfia 2.6. Chupa nene za dawa zenye kizibo cha raba ya butili na kifuniko cha alumini kilichobanwa huhimili hilo. Chupa za kawaida za vifuniko vya kuzungusha hazihimili, na huvuja gesi yenye sumu ndani ya tanuri lililofungwa. Pia, CO huyeyuka pungufu kwa karibu theluthi kwenye 70 °C ukilinganisha na 25 °C, ingawa huenda kwa kasi zaidi ndani ya maji ya moto na kufidia sehemu ya hasara hiyo. Mtikisiko ukiwa hafifu, kiumbe mwenye kasi hivi hufa njaa.

Faida ya joto ni kwamba wavamizi wa kawaida hawaishi. Na kwa kuwa ana uwezo wa kutengeneza spora, akiba yake huvumilia kusahauliwa zaidi ya unavyotazamia kwa kiumbe mwenye masharti hivi.

*Anamfaa nani.* Mwenye gesi yenye CO nyingi, isiyo na oksijeni, anayejua kazi ya bila hewa, na anayetaka gesi ya mwisho yenye CO ndogo. Mbegu: Z-2901, DSM 6008. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2005 na kuonyesha vimeng'enya vitano vya CO, kwa hiyo mtafiti wa jeni ana pa kuanzia.

3. Parageobacillus thermoglucosidasius

*Joto na hewa.* Kati ya 55 na 65 °C. Tofauti yake na wote ni kwamba hukua vizuri kabisa kwenye hewa. Ukimpa mchanganyiko wa CO na hewa, humaliza oksijeni kwanza, hutulia kwa muda, kisha huanza kugeuza CO kuwa hidrojeni. Uwezo huu ulielezwa mwaka 2018 kwa aina ya DSM 2542.

*CO.* Majaribio hayo yalitumia CO nusu na hewa nusu, na alifanya kazi. Tahadhari: CO huwaka hewani kati ya asilimia 12.5 na 74. Nusu kwa nusu imo katikati ya masafa hayo. Kabla bakteria hajala oksijeni, ulichonacho kwenye chupa ni mchanganyiko unaoweza kulipuka kwa cheche ya plagi. Fanya kwa ujazo mdogo, mbali na swichi, na usihamishie mtindo huu kwenye tangi kubwa.

*Chakula.* Mchuzi tajiri wenye glukosi na dondoo ya hamira. Unamkuza usiku mmoja kwenye hewa, huna haja ya kuchemsha mchuzi kufukuza oksijeni, wala salfaidi. Gharama ya mchuzi ni kubwa kuliko ya Carboxydothermus, ila vifaa ni vichache.

*Kasi na usafi.* Hapa yuko nyuma. Muda wa kusubiri kabla hidrojeni haijaanza huhesabiwa kwa siku. Ikishaanza, mavuno hukaribia moli moja kwa moli moja. Asetati itokanayo na glukosi hushusha pH, kwa hiyo weka bafa (chumvi za kutuliza pH) ya kutosha.

*Kinachoharibika.* Subira ya mtu. Wengi humwaga chupa siku ya pili wakidhani amekufa. Pima oksijeni: ikiwa bado ipo, hajaanza, ikiwa imekwisha na CO haijaguswa, mpe muda.

*Anamfaa nani.* Maabara isiyo na mstari wa kuondolea oksijeni, na mwenye gesi ambayo haikosi kuvuja hewa kidogo.

4. Thermococcus onnurineus NA1

*Joto na hewa.* 80 °C, bila oksijeni. Alitoka kwenye chemchemi za chini ya bahari za eneo la PACMANUS, Papua New Guinea, na karibu kazi yote ya kumwendeleza imefanywa Korea Kusini.

*CO.* Anavumilia nyingi; amelishwa hata gesi taka ya kiwanda cha chuma. Watafiti walimhamisha kwenye CO mara 156 mfululizo na kupata aina iliyozoea, 156T, inayokua na kutoa hidrojeni zaidi ya ile ya mwanzo. Anakula pia fomati na kutoa hidrojeni, jambo lililochapishwa mwaka 2010. Kwa mwenye mtungi wa CO unaochelewa kufika, fomati ni chumvi tu ya kwenye kopo: unaweza kumzoesha na kujaribu vifaa vyote bila gesi ya sumu chumbani.

*Chakula.* Maji ya chumvi kama ya bahari, dondoo ya hamira kwa gramu kadhaa kwa lita, madini. Salfa ya unga usimwekee unapotaka hidrojeni, maana ataigeuza kuwa salfaidi ya hidrojeni yenye harufu ya yai viza.

*Kasi na usafi.* Kwenye tangi lililodhibitiwa vizuri ana mavuno makubwa kwa lita kwa saa kuliko R. rubrum kwa mbali. Sababu kubwa ni joto, seli nyingi na matangi mazuri aliyofanyiwa kazi.

*Kinachoharibika.* Chuma. Maji ya chumvi kwenye 80 °C hutoboa chuma cha pua cha kawaida vitobo vidogovidogo, kwanza kwenye maungio na chini ya raba. Tumia glasi, au aloi ghali zaidi, na kagua viungo kila unapofungua. Mvuke kwenye joto hilo una shinikizo la karibu nusu atmosfia, kwa hiyo bila kipoza kwenye njia ya kutokea gesi mchuzi wako utakauka na chumvi itazidi bila wewe kujua.

*Anamfaa nani.* Mwenye gesi ya moto na mfululizo, fedha za tangi, na wafanyakazi wa zamu.

Chupa ya kwanza, kwa yeyote utakayemchagua

Chupa ya mililita 120, mchuzi mililita 50, nafasi ya gesi mililita 70. Kwa wasiotaka oksijeni (wote isipokuwa wa tatu), weka resazurini (rangi inayokuwa ya waridi penye oksijeni) miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita, chemsha mchuzi, upoze ukipuliza naitrojeni, gawanya kwenye chupa ukiendelea kupuliza, ziba kwa butili, kisha pasha kwa otoklevu. Baada ya hapo ongeza sisteini au salfaidi, gramu 0.5 kwa lita au chini, kutoka kwenye mmumunyo wake uliosafishwa pembeni. Waridi likipotea, oksijeni imekwisha. Lisipopotea ndani ya saa moja, usipande mbegu; tafuta kizibo kinachovuja.

Panda mbegu mililita 2.5 hadi 5. Ongeza CO kwa bomba la sindano lililosafishwa kwa naitrojeni. Laza chupa ubavu, tikisa mara 150 hadi 200 kwa dakika. Chupa iliyosimama wima ina uso mdogo wa gesi na itakudanganya kwamba bakteria ni wavivu.

Kwa kupima, kromatografia ya gesi yenye kigunduzi cha upitishaji joto inatosha, lakini beba gesi kwa argoni. Ukitumia heliamu, hidrojeni karibu haionekani kwa kuwa zinapitisha joto kwa viwango vinavyokaribiana. Safu ya chujio la molekuli 5A hutenganisha hidrojeni, oksijeni, naitrojeni na CO. Kaboni dioksidi hunasa humo, ipeleke kwenye safu nyingine. Pima shinikizo kila mara kabla ya kuchota, la sivyo asilimia zako hazitageuka kuwa moli. Na weka chupa mbili za ulinganisho: moja yenye mbegu bila CO, nyingine yenye CO bila mbegu.

Sumu na moto

Kila anayeishi Afrika Mashariki amesikia habari ya jiko la mkaa lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi iliyoua humo ndiyo hii unayoinunua kwa mtungi, isiyo na harufu wala rangi. Weka kengele ya CO chumbani na nyingine ya kuvaa, ikilia kwenye sehemu 35 kwa milioni. Kwenye 1,200, maisha yako hatarini papo hapo. Mtungi ukae nje au kwenye kabati la kuvuta hewa, usifanye kazi peke yako, na gesi inayotoka ipelekwe juu ya paa au ichomwe. Hidrojeni nayo huwaka hewani kati ya asilimia 4 na 75. Chanzo cha moto hakikai karibu na tangi.

Gesi ya mtambo wa taka huja pia na lami, amonia, salfaidi na wakati mwingine sianidi. Salfaidi kidogo bakteria hawa huivumilia vizuri. Sianidi hukifunga kimeng'enya cha CO. Lami huziba mirija na kupaka uso wa mchuzi. Pitisha gesi kwenye maji, kisha kwenye mkaa au machujo ya mbao, kabla haijafika kwa bakteria.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Mwalimu wa chuo mwenye tanuri la 30 °C na mtungi mdogo wa CO iliyochanganywa na naitrojeni: R. rubrum, gizani, na nikeli ya kutosha. Wanafunzi wataona rangi, na kosa la mmoja halitachoma mtu kwa maji ya 70 °C.

Huna mtungi wa naitrojeni safi wala ujuzi wa kufanya bila hewa: P. thermoglucosidasius, chupa ndogo, mbali na cheche. Ukipata vifaa baadaye, hamia kwa mwingine.

Unahitaji hidrojeni yenye CO ndogo sana kwa ajili ya seli ya mafuta, na gesi yako haina oksijeni: C. hydrogenoformans, pamoja na mtego wa CO₂. Jaribu kwanza kwa siku kadhaa na gesi yako halisi, si ya mtungi, kwa sababu oksijeni ya asilimia moja inayovuja kwenye feni ya mtambo inaweza kumkwamisha.

Uko karibu na kiwanda chenye gesi ya moto yenye CO nyingi isiyokatika: linganisha C. hydrogenoformans na T. onnurineus kwenye tangi lilelile. Gharama ya chumvi na kutu itakuwa na sauti kubwa kwenye uamuzi kuliko kasi.

Gesi yako hukatikakatika, leo ipo kesho hakuna: R. rubrum au P. thermoglucosidasius, kwa kuwa wote wawili wana chakula kingine cha kushikilia uhai. Wa joto kali wakikosa CO na kupoa kwa siku mbili, hesabu muda wa kuanza upya.

Una tani nyingi za gesi kwa siku, imesafishwa salfa, na una mvuke: wote wanne waache. Vichocheo visivyo hai vinavyofanya kazi hiyohiyo, vya chuma na kromi kwenye 310 hadi 450 °C, vikifuatiwa na shaba na zinki kwenye 190 hadi 250 °C, hushusha CO hadi asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa chombo kidogo mno kuliko tangi la bakteria. Udhaifu wa shaba ni salfa na klorini, hata kwa chembe. Gesi yako ikiwa ndogo, chafu kwa salfa, na hakuna wa kuisafisha kwa kiwango hicho, hapo rudi kwenye orodha ya juu uanze na kigezo cha oksijeni.